Baiskeli za Matairi Manene Kwenye Theluji: Mwongozo Kamili wa Kuendesha na Kushindana

Mtu anayepanda baiskeli kwenye njia za theluji huangushwa na mambo mawili muda mrefu kabla miguu yake haijachoka: hewa iliyozidi ndani ya matairi na jasho lililozidi ndani ya nguo. La kwanza humzamisha, la pili humgandisha. Mwongozo huu unafuata utaratibu wa safari yenyewe, kuanzia kuchagua chombo hadi kukikausha baada ya mashindano, lakini mambo hayo mawili yatajitokeza karibu kila hatua, kwa sababu mengine yote, ikiwemo bei ya fremu na wepesi wa magurudumu, yana uzito mdogo kuliko wauzaji wanavyopenda tuamini.

Hatua ya kwanza: kuchagua baiskeli

Baiskeli hizi zilizaliwa mahali zilipohitajiwa. Mwaka 1987 yalifanyika Alaska mashindano ya Iditabike, yaliyofuata sehemu ya Iditarod, njia ya kale ya sleji za mbwa, na washiriki wa miaka ile wakajionea kwamba baiskeli za kawaida za milimani zilizama kiasi cha kusukumwa zaidi ya kuendeshwa. Wapo walioshikanisha rimu mbili ubavu kwa ubavu ili wapate upana. Simon Rakower wa Fairbanks alitengeneza rimu ya SnowCat yenye upana wa milimita 44, ambayo wakati huo ilionekana pana kupita kiasi. Mwaka 2005 kampuni ya Surly ilitoa Pugsley, yenye rimu za milimita 65 na matairi ya inchi 3.7, na tangu hapo mtu aliweza kununua dukani kitu ambacho hapo awali kilimhitaji fundi wa kuchomelea.

Siku hizi matairi huanzia karibu inchi 3.8 hadi inchi 5, na rimu huwa na upana wa milimita 65 hadi 100. Kwa njia zinazoshindiliwa kwa mashine mara kwa mara, tairi la inchi 4 linatosha na huzunguka kwa wepesi. Kwa njia za pikipiki za theluji, ambazo huchimbuliwa na kila anayepita, inafaa kupanda hadi inchi 4.6 au zaidi. Ukiwa na shaka, nunua fremu inayokubali tairi pana kuliko unalohitaji sasa, kwa kuwa tairi hubadilishwa kwa urahisi lakini fremu haipanuki. Habu ya nyuma, yaani kitovu cha gurudumu, yenye upana wa milimita 197 kwa kawaida huashiria fremu inayopokea tairi la karibu inchi 5, ilhali ile ya milimita 177 mara nyingi huishia inchi 4 na kidogo.

Foku (uma unaoshika gurudumu la mbele) isiyo na springi ndiyo chaguo la busara. Katika baridi kali mafuta ya springi huwa mazito, mipira yake hukakamaa, na mwendeshaji hubaki amebeba kilo za ziada zisizomsaidia, wakati matairi yenyewe yenye hewa kidogo tayari yanafyonza mitikisiko. Kuhusu giya, tafuta wepesi kuliko kasi: meno 28 au 30 mbele pamoja na kaseti (fungu la giya za nyuma) inayofika meno 50 hukuwezesha kuzungusha pedali polepole pale theluji inapokuwa laini. Matairi yenye misumari yana maana mahali penye barafu tupu, kama vile maziwa yaliyoganda au njia zilizoyeyuka mchana na kuganda tena usiku. Kwenye theluji pekee yanaongeza uzito na gharama bila faida inayoonekana.

Hatua ya pili: kuiandaa kwa ajili ya baridi

Baiskeli inayofanya kazi vizuri sebuleni inaweza kugoma kabisa kwenye nyuzi −30 za Sentigredi, na mara nyingi chanzo huwa kitu kidogo. Grisi nzito ndani ya friwili, sehemu ya habu ya nyuma inayoruhusu gurudumu kuzunguka pedali zikiwa zimetulia, huganda, vile vijino vinavyopaswa kuruka na kung'ata hubaki vimelala, na pedali huzunguka bure bila gurudumu kusogea. Dawa yake ni kufungua friwili kabla ya msimu, kusafisha grisi yote ya kiwandani na kuweka mafuta mepesi yanayostahimili baridi. Kazi hiyo huchukua chini ya saa moja mezani, na karibu haiwezekani kufanyika njiani ukiwa na vidole vilivyokufa ganzi.

Breki za haidroli zinazotumia mafuta ya madini huwa nzito na huchelewa kurudi baridi inapozidi. Zinazotumia mafuta ya aina ya DOT huvumilia zaidi. Breki za diski zinazovutwa kwa waya nazo bado zinapendwa na wasafiri wa masafa marefu, kwa kuwa hazina kimiminika cha kuvuja na zinaweza kurekebishwa kwa spana ndogo. Hakikisha waya umepakwa mafuta mepesi na hakuna maji ndani ya mrija wake, maana maji hayo yataganda.

Matairi yasiyo na tyubu yana faida kubwa, kwa sababu tyubu moja ya ukubwa huu inaweza kufika karibu nusu kilo, na pia kwa sababu ubavu wa tairi usiobanwa na tyubu hujikunja kwa urahisi. Hata hivyo, beba tyubu moja. Tairi likishachomoka kwenye ukingo wa rimu katikati ya msitu wenye baridi, pampu ya mkono haitalirudisha mahali pake, na hapo tyubu ndiyo itakayokufikisha nyumbani. Pampu nayo iwe ile yenye mtungi mpana, inayosukuma hewa nyingi kwa kila pigo.

Pedali bapa zinashinda pedali za kubana viatu kwa watu wengi. Chuma kilichofungwa chini ya soli hupitisha baridi moja kwa moja hadi unyayoni, na kiatu unachoweza kutembea nacho ndani ya theluji ya magoti kina thamani kubwa kuliko nguvu kidogo utakazopata kwa kubanwa. Usukani uvishwe mifuko mikubwa ya kukinga mikono. Ukiwa nayo utaendesha kwa glavu nyembamba hata kwenye baridi ambayo vinginevyo ingehitaji glavu nene zisizoweza kushika breki.

Hatua ya tatu: kupima hewa

Hapa ndipo pa kutumia muda wako. Ili kuelewa kwa nini, fanya hesabu rahisi. Mwendeshaji na baiskeli yake wakiwa na uzito wa kilo 90, na matairi yakiwa na hewa ya psi 8 (psi ni kipimo cha shinikizo, pauni kwa inchi ya mraba), eneo la mpira linaloigusa theluji ni takriban sentimita za mraba 160 kwa matairi yote mawili pamoja. Ukipunguza hewa hadi psi 4, eneo hilo linakuwa karibu sentimita za mraba 320. Uzito ni uleule, lakini kila kipande cha theluji sasa kinabeba nusu ya mzigo kiliokuwa kikiubeba mwanzo, na theluji iliyokuwa ikibomoka inaanza kuhimili. Ndiyo maana psi moja, ambayo kwa baiskeli ya barabarani haihisiwi kabisa, huku inaweza kutenganisha kuendesha na kusukuma.

Viwango vya kuanzia ni hivi, kwa mtu wa uzito wa wastani. Njia ngumu iliyoshindiliwa na kulala usiku kucha inastahimili psi 6 hadi 8. Njia ya kawaida yenye tabaka laini juu inataka psi 4 hadi 5. Theluji mpya, au njia iliyolainishwa na jua, inakushusha hadi psi 2 au 3, na hapo ndipo mwisho kwa rimu nyingi. Zaidi ya psi 10 ni kwa ajili ya lami. Mtu mzito aongeze kidogo, na mwepesi apunguze. Tumia kipimo kilichotengenezwa kwa ajili ya shinikizo dogo, kwa sababu kile cha pampu ya kawaida, chenye uso unaofika psi 100 au zaidi, hakiwezi kuonyesha tofauti ya psi 3 na 5, na hiyo ndiyo tofauti unayoitafuta.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni kwamba hewa husinyaa inapopoa. Tairi lililojazwa psi 6 ndani ya chumba chenye nyuzi 20 litakuwa na karibu psi 3 tu baada ya kupoa hadi nyuzi −20, hata kama halijavuja chochote. Mwendeshaji asiyejua hili huanza safari na tairi laini kupita kiasi, hulaumu valvu, huongeza hewa kwa hasira, na kisha hulaumu theluji. Toa baiskeli nje, iache ipoe kwa muda wa kutosha, halafu ndipo upime.

Kipimo hata hivyo ni mwanzo tu, kwani macho hukueleza zaidi. Kaa juu ya baiskeli na mtu akutazamie ubavu wa tairi la nyuma: mikunjo midogo inapaswa kuonekana pale tairi linapokutana na theluji. Baada ya kwenda mita chache, geuka utazame alama uliyoacha. Ikiwa mchoro wa tairi umepigika waziwazi na alama haina kina, hewa inafaa. Ikiwa umechimba mtaro, punguza. Njia nyingi zinazosimamiwa vizuri hutumia kanuni ya sentimita 2.5: ukiacha mtaro wa kina zaidi ya huo hata baada ya kupunguza hewa, theluji ya siku hiyo haifai na unapaswa kurudi. Kwa upande mwingine, tairi lenye hewa kidogo mno hujitambulisha kwa usukani mzito unaovuta upande, kwa kuyumba kwenye kona, na kwa rimu kugonga unapopita juu ya mzizi.

Kosa la kawaida ni kuweka hewa mara moja asubuhi na kukataa kuigusa tena. Njia ya saa tatu inaweza kupita kwenye kivuli chenye theluji ngumu, uwanda uliopigwa na jua, na ziwa lenye upepo, na kila sehemu ina hewa yake. Simama, toa hewa kwa kidole, endelea; njia ikigeuka kuwa ngumu, simama tena na pampu. Dakika mbili za kupampu zina uchungu mdogo kuliko nusu saa ya kusukuma.

Hatua ya nne: kuvaa kwa kuhofia jasho

Kinyume na wanavyodhani wageni wa michezo hii, hatari ya kwanza ni kuvaa kupita kiasi. Mwili unaopanda kilima kwenye theluji laini hutoa joto jingi, nguo hulowa, kilima huisha, na kwenye mteremko upepo wa mwendo wako mwenyewe hugeuza unyevu huo kuwa barafu. Upepo huo ni wa kuheshimiwa: hewa ikiwa nyuzi −20 na imetulia kabisa, mwendo wa kilomita 20 kwa saa hufanya ngozi isiyofunikwa ihisi baridi ya karibu nyuzi −30, na katika kiwango hicho ngozi inaweza kuganda ndani ya dakika 10 hadi 30.

Anza safari ukihisi baridi kidogo. Ukihisi joto zuri ukiwa umesimama mlangoni, umevaa nguo moja zaidi ya inayohitajika. Nguo inayogusa mwili iwe ya sufu au ya nyuzi za kisasa zinazopitisha unyevu. Pamba iachwe nyumbani, kwa kuwa hushika maji na kuyang'ang'ania. Juu yake pawe na tabaka jepesi la joto, na nje kabisa jaketi la kuzuia upepo lenye zipu ndefu. Fungua zipu kabla ya kilima, si katikati yake, na uifunge kabla ya mteremko. Jaketi nene la manyoya ya bata likae kwenye begi juu ya vitu vingine vyote, na livaliwe mara tu unaposimama, kabla hujahisi kuwa unalihitaji; ukisubiri hadi utetemeke, joto utakalolifungia ndani litakuwa limekwisha kupungua.

Miguu ndiyo yenye shida kuliko kiungo kingine, kwa sababu haisogei sana juu ya pedali. Buti ziwe kubwa kuliko namba yako ya kawaida ili vidole viweze kucheza ndani ya soksi nene, maana soksi ya pili ndani ya kiatu kinachobana huzuia damu na kuongeza baridi badala ya kuipunguza. Katika baridi kali, wengi huvaa soksi nyembamba, kisha mfuko usiopitisha unyevu, kisha soksi nene ya sufu. Mguu utalowa kwa jasho lake, lakini soksi ya kukupa joto itabaki kavu. Ukianza kupoteza hisia za vidole, shuka utembee. Dakika kumi za kusukuma baiskeli kwa miguu hurudisha damu kuliko dawa yoyote ya kupaka.

Usoni, funika pua na mashavu kwa kitambaa kinachoweza kuvutwa juu na chini. Miwani hufanya ukungu pumzi inapopanda. Kitambaa kiwe chini ya miwani bila kuingia ndani yake, na punguza mwendo kabla ya kusimama ili hewa iendelee kupita.

Hatua ya tano: kusoma njia na kuheshimu wengine

Theluji iliyotoka kushindiliwa haiko tayari. Chembe zake zinahitaji saa kadhaa za baridi ili zishikane na kuwa sakafu moja, na atakayepita juu yake mapema ataharibu kazi ya usiku mzima. Njia iliyoshindiliwa jioni na kupozwa hadi alfajiri ndiyo bora kuliko zote. Mchana wenye jua huilainisha kuanzia juu, na kwa hiyo katika miezi ya mwisho ya baridi waendeshaji wazoefu hutoka asubuhi na mapema na kurudi kabla jua halijapanda. Baridi ya kupindukia nayo ina tatizo lake: theluji ikishakauka mno haishikani, tairi huisaga badala ya kuteleza juu yake, na mwendo hupungua ingawa njia inaonekana nzuri.

Kwenye njia zinazotumiwa pia na watu wa skii, kaa upande wa njia ulio mpana na bapa, na usikanyage kabisa ile mifereji miwili iliyochongwa kwa ajili yao. Wapishe, kwani anayeteremka kwa skii hana breki kama zako. Kwenye njia za pikipiki za theluji kaa upande wa kulia katika nchi zinazoendesha upande huo, washa taa mbele na nyuma hata mchana, vaa kitu kinachoakisi mwanga, na unaposikia injini toka kabisa kwenye njia. Sleji za mbwa zina haki ya kwanza: simama pembeni, shikilia baiskeli upande wa mbali na mbwa, na uzungumze kwa sauti ya kawaida ili wakutambue kuwa mtu.

Maziwa na mito iliyoganda inataka tahadhari ya peke yake. Kwa mtu anayetembea, barafu safi na ngumu hupaswa kuwa na unene usiopungua sentimita 10. Barafu nyeupe yenye mchanganyiko wa theluji ni dhaifu zaidi, na mahali mto unapoingia ziwani hapaaminiki. Alaska na kwingineko hutokea pia maji yanayosukumwa juu ya barafu na kufichwa na theluji. Barafu yenyewe haijavunjika, lakini mguu huingia kwenye maji hadi kifundoni. Madoa ya kijivu juu ya theluji ni onyo. Ukilowesha magurudumu, zungusha pedali na ubadilishe giya mara moja huku ukitikisa baiskeli, kabla maji hayajaifunga kaseti kuwa donge moja.

Hatua ya sita: kuendesha

Kaa kitini. Kwenye udongo, kilima humwinua mwendeshaji asimame. Kwenye theluji, kusimama huondoa uzito kwenye gurudumu la nyuma nalo huteleza papo hapo. Chagua giya nyepesi kabla hujaihitaji na uzungushe pedali kwa mviringo ulio sawa, bila kupiga kwa nguvu, kwa kuwa kila pigo la ghafla huvunja sakafu nyembamba inayokubeba. Mikono ilegee. Baiskeli itacheza kidogo kushoto na kulia, na anayejaribu kurekebisha kila mchezo huishia kwenye theluji laini ya pembeni.

Macho yatangulie mita 10 hivi mbele, yakitafuta mstari mgumu. Baada ya theluji mpya, mstari huo mara nyingi ni alama ya mkanda wa pikipiki ya mwisho kupita. Njia ikichakaa, unaweza kuhamia ukingoni mahali ambapo wachache wamekanyaga, ingawa sentimita chache zaidi ya hapo hakuna sakafu kabisa. Gurudumu la mbele likianza kuzama, rudisha uzito nyuma, endelea kuzungusha, na usikate usukani. Kona ipunguziwe mwendo kabla ya kuingiwa, kisha ipitwe kwa kugeuka polepole, huku baiskeli ikibaki karibu wima. Breki ya nyuma ndiyo ya kazi nyingi; ya mbele iguswe kwa kidole kimoja, na tu baiskeli ikiwa imenyooka.

Kuondoka upya katikati ya kilima ni ufundi unaostahili kufanyiwa mazoezi peke yake. Kanyaga theluji kwa buti mahali gurudumu la nyuma litakapopita, weka pedali juu kidogo ya usawa, kaa kitini kwanza, kisha sukuma polepole. Ikishindikana mara mbili, tembea. Kutembea si aibu katika mchezo huu: mtu anayesukuma kwa kilomita 4 kwa saa akiwa na pumzi tulivu humkuta mbele yule anayeng'ang'ania kilomita 5 kwa saa huku jasho likimtiririka mgongoni.

Maji yabebwe karibu na mwili. Begi la maji livaliwe chini ya jaketi, na kila baada ya kunywa puliza maji yaliyobaki ndani ya mrija yarudi begini, vinginevyo yataganda humo. Chupa ziwekwe kichwa chini, kwa kuwa maji huanza kuganda juu na mdomo wa chupa utabaki wazi. Thamosi moja ya kitu cha moto ina uzito, lakini sijaona anayejuta kuibeba. Chakula kikatwe vipande vidogo nyumbani na kichaguliwe kile kisichogeuka jiwe: karanga, jibini, vyakula vyenye mafuta mengi. Simu na betri za akiba zikae mfukoni ndani, kwa kuwa betri hupoteza nguvu upesi kwenye baridi. Kwa taa na kifaa cha ramani, betri za lithiamu zisizochajiwa ndizo zinazostahimili zaidi.

Hatua ya saba: kushindana

Anza na mashindano mafupi, yanayopita kwenye njia zilizoshindiliwa na yenye watu wa kukuokota. Fat Bike Birkie ya Wisconsin, inayofanyika mwezi Machi kwenye njia za skii za Birkebeiner, ni mfano mzuri wa aina hiyo: mwendo ni wa kasi, matairi huwa na hewa zaidi, na mbinu zinafanana na za mashindano ya milimani. Hapa nafasi ya mwanzo ina maana, kwa sababu njia hupungua upana na anayekuja nyuma hupita juu ya theluji iliyokwisha kuchimbuliwa. Ukitaka kumpita mtu, subiri sehemu pana na ngumu. Kutoka kwenye mstari na kuingia theluji laini ili kupata nafasi moja kwa kawaida hukupotezea tatu.

Masafa marefu ni mchezo tofauti kabisa. Arrowhead 135 ya Minnesota, iliyoanza mwaka 2005, hutoka International Falls hadi karibu na Tower mwishoni mwa Januari, umbali wa maili 135 au kilomita 217, na washiriki hupewa saa 60. Rovaniemi 150 nchini Finland hupita kwenye maziwa na misitu karibu na Mzingo wa Aktiki. Iditarod Trail Invitational ya Alaska ina umbali wa maili 350 hadi McGrath na maili 1,000 hadi Nome. Katika mashindano kama haya hali ya njia hutawala matokeo kuliko nguvu za mtu. Mwaka 2014, njia ikiwa ngumu na yenye kasi, Jeff Oatley alifika Nome kwa siku 10 na saa chache. Theluji nzito inapoanguka, washiriki hao hao wazoefu hutumia siku nzima wakisukuma. Kwa hiyo panga safari yako kwa saa na kwa hali, na usijifunge kwa wastani wa mwendo uliouandika nyumbani.

Waandaaji hutoa orodha ya vifaa vya lazima, na Arrowhead inatosha kuonyesha uzito wake: mfuko wa kulalia unaostahimili nyuzi −29, godoro la kuzuia baridi ya chini, hema dogo au kifuko cha kujifunika, jiko na mafuta yake, sufuria, kiberiti, filimbi, taa na vitambaa vya kuakisi mwanga. Ichukue orodha hiyo kama vifaa utakavyovitumia. Washa jiko lako nje usiku wa baridi kabla ya mashindano, ukiwa umevaa glavu. Mitungi ya gesi ya butani haifai, kwa kuwa gesi hiyo haigeuki mvuke chini ya nyuzi sifuri hivi. Jiko la mafuta meupe (petroli iliyosafishwa kwa ajili ya majiko) lenye pampu ndilo litakaloyeyusha theluji. Tia maji kidogo ndani ya sufuria kabla ya kuweka theluji, la sivyo chini itaungua.

Mzigo ugawanywe: mfuko wa kulalia mbele ya usukani, chakula ndani ya fremu, nguo nyuma kwenye keria au chini ya kiti. Uzito mwingi ukiwa nyuma, gurudumu la mbele litaelea kwenye kona. Ukiwa mwingi mbele, litazama.

Kuhusu mwendo, kanuni inayofaa ni kutotoa jasho katika robo ya kwanza ya mashindano. Utapitwa. Wengi wa waliokupita utawakuta wakibadilisha nguo kwenye kituo cha kwanza. Vituoni fuata mpangilio uleule kila mara: kwanza jaza maji, kisha kausha glavu na soksi, kisha kula, na ndipo ukae. Aliyekaa kwanza kando ya moto husahau mawili kati ya hayo manne, na huyakumbuka akiwa kilomita tano mbele. Usiiingize baiskeli ndani ya kibanda chenye joto isipokuwa utaikausha kabisa, maana theluji itayeyuka ndani ya giya na kuganda upya mara tu unapotoka.

Hatua ya nane: baridi inapomshinda mwili

Ngozi inayoanza kuganda huwa nyeupe au ya kijivujivu, ngumu kidogo, na isiyo na hisia. Mwathirika mara nyingi hajui, na kwa hiyo washiriki huangaliana nyuso. Ikiwa ni juu juu tu, weka kiganja cha moto juu ya shavu, au vidole kwapani, hadi rangi irudi. Usisugue, na hasa usisugue kwa theluji. Ikiwa nyama imeganda kwa kina, usiiyeyushe njiani kama kuna uwezekano wa kuganda tena, kwani kuganda mara ya pili huleta madhara makubwa zaidi. Mfikishe mtu mahali penye msaada wa kitabibu, ambako kiungo huingizwa kwenye maji ya nyuzi 37 hadi 39.

Kushuka kwa joto la mwili hujitokeza kwa kutetemeka, kisha ulimi mzito, kuangusha vitu, na maamuzi ya ajabu kama vile kukataa kuvaa jaketi. Usibishane naye. Msimamishe, mvue kilicholowa, mwingize ndani ya mfuko wa kulalia juu ya godoro, na mpe kinywaji cha moto chenye sukari ikiwa anaweza kumeza bila shida. Kutetemeka kukikoma huku mtu hajapata joto, hali imekuwa mbaya: mshughulikie kwa upole, mlaze, na uite waokoaji.

Hatua ya tisa: baada ya safari

Pangusa theluji yote kabla ya kuingiza baiskeli ndani. Iache ipate joto polepole, kisha kausha cheni na uipake mafuta upya siku ileile, kwani unyevu unaobaki hutia kutu usiku mmoja. Ikiwa ulipita kwenye barabara zilizomwagwa chumvi, ioshe kwanza kwa maji ya vuguvugu. Sikiliza friwili, zungusha kila beringi kwa mkono, na uangalie kama dawa ya kuzibia matobo ndani ya matairi bado ni majimaji. Buti zitolewe nyayo za ndani na zikauke mbali na moto mkali. Mfuko wa kulalia utundikwe wazi kwa siku moja au mbili hadi ukauke kabisa, kisha uhifadhiwe ukiwa umelegea ndani ya mfuko mkubwa, kwa kuwa manyoya yaliyobanwa kwa miezi hayatafutuka tena vya kutosha siku utakapoyahitaji.